Elija Nyambu Wawili

Jumatatu, Machi 3

Mahakamani tangu asubuhi. Joto la Voi halina adabu, linaingia hata panapoulizwa kitambulisho. Benchi langu ni lile la mbele karibu na dirisha. Leo nimelikuta limekaliwa na mama mwenye kikapu. Nikaketi nyuma yake. Korti ni ya wote, ndivyo ninavyowaambia watu kila siku, basi na mimi nilimeze.

Simu imezimwa. Hakuna picha, hakuna kurekodi bila ruhusa ya hakimu. Kalamu tu. Kesi za trafiki. Pombe ya chang'aa. Mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Kisha moja ya maana: Elija Nyambu, miaka arobaini na miwili, dereva. Anashtakiwa kuiba pampu ya mradi wa maji kule Marungu. Amekana mashtaka. Ameachiliwa kwa dhamana. Kesi kusikizwa Mei.

Watu wa Marungu walijaa nyuma, wengi wanawake. Pampu ikienda, ni wao wanaorudi kubeba mitungi kwa mgongo, na ukame huu. Wana hasira na nawaelewa. Lakini hasira si ushahidi, na sikuajiriwa kuwafurahisha.

Nimeandika kama ilivyo. Jina, umri, kazi, shtaka, amekana, kesi itarudi lini. Anakoishi sikusikia pakitajwa, kwa hivyo sikuandika. Habari nimempelekea Mjomba Kombo, mtangazaji wetu, aisome redioni kesho.

Miguu imevimba. Nalala.

Jumanne, Machi 4

Nimeamka, nikawasha redio nikipika chai. Mjomba Kombo ndiye sauti ya asubuhi ya kituo chetu tangu nikiwa shule ya msingi. Si mjomba wangu, ni mjomba wa kaunti nzima. Milimani ng'ombe hawakamuliwi mpaka yeye aseme "Kwawuka mana", salamu yetu ya asubuhi.

Akasoma habari yangu vizuri. Neno kwa neno. Halafu akaongeza lake, hewani: "Huyu ni Elija Nyambu wa Werugha, jamani, wa kina Nyambu wale wa maziwa."

Chai ikachemka ikazima jiko.

Sikuandika hivyo. Hakimu hakusema hivyo. Hakuna mtu ndani ya korti ile aliyetaja Werugha.

Nikampigia. Akacheka! Eti, "Mwanangu Wakio, ukitaja mtu bila kutaja kwao, umemtaja nani? Watu watauliza, huyo ni wa kwa nani?" Hapo hakosei. Sisi Wadawida, watu wa milimani, mtu hatumjui mpaka tujue mlango aliotokea. Hata salamu za Jumapili tunaanza na ukoo ndipo tufike kwa jina. Lakini korti si salamu za Jumapili.

Nikamuuliza amejuaje ni huyo. Alisoma na babake huyo Nyambu. Basi. Ushahidi wote ndio huo.

Jumatano, Machi 5

Nilijua. Nilijua tu.

Mwanamume amekuja kituoni. Koti zito la milimani, buti zina tope, na hapa Voi tope hatujaliona tangu lini. Akasimama mapokezi, hakutaka kiti. "Mimi ndimi Elija Nyambu wa Werugha. Gari sijui kuendesha. Marungu sijawahi kufika. Nimekuja mnionyeshe hiyo pampu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jana alikuwa anakamua. Redio huwa juu ya ukuta wa zizi. Akasikia jina lake, kisha akasikia kwao. Mkewe akatoka jikoni akamtazama tu. Alipofikisha maziwa kwenye kikundi chao, mpimaji akaangalia kando. Jioni mwenyekiti wa kikundi akamwendea nyumbani, kwa heshima zote, akamwomba "apumzike kidogo" mpaka mambo yake ya korti yaishe. Leo asubuhi amekamua, kwa maana ng'ombe hajui mambo ya redio, na maziwa ameyamwaga kwenye migomba.

Na dereva ni nani? Binamu yake. Mtoto wa baba mdogo, anaishi Mwatate. Babu yao aliitwa Elija Nyambu, na kila mwanawe alimpa kifungua mimba wake wa kiume jina la mzee, lote kabisa, la ubatizo na la ukoo. Ndiyo mila. Ndiyo heshima. Nyumbani wanaitwa Elija wa Juu na Elija wa Chini, na hakuna aliyewahi kuwachanganya mpaka sisi.

Anataka isemwe. Saa ileile, sauti ileile. Hilo tu. Hakutaja wakili, hakutaja fidia.

Nikamwambia nitajitahidi. Neno la bure hilo. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Alhamisi, Machi 6

Kikao na Bi Zainabu, meneja wetu. Mtu wa Pwani, Kiswahili chake kimenyooka hata akigomba. Mjomba Kombo kaketi pembeni, mikono kifuani, kama aliyekuja kwa matanga ya mtu asiyempenda.

Nilisema hivi. Sheria inatukinga tukiripoti kilichosemwa katika korti ya wazi, kwa usawa, bila kupinda, na bila kukaa nacho wiki. Hata kama kilichosemwa ni kibaya, hata kama kinamuuma mtu, kinga ipo. Lakini kinga ni ya yaliyosemwa mle ndani. "Wa Werugha" tumeitoa nyumbani. Kwa hilo neno moja tuko uchi.

Bi Zainabu anajua haya yote. Alinifundisha yeye. Lakini ameshaongea na wakili wa kituo, na wakili anasema tungoje. Tukijisahihisha tumekiri. Tukikiri tumejipeleka wenyewe kizimbani. "Tusubiri tuone atashtaki ama hatashtaki, mwanangu. Subira yavuta heri."

Nikamwambia subira yetu inamwagwa kwenye migomba kila asubuhi.

Nilisema kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi bosi wake. Sijutii. Mjomba Kombo hakuniangalia.

Ijumaa, Machi 7

Nimekwenda ofisi ya faili mahakamani. Nikaomba kwa adabu kuona hati ya mashtaka. Nimengoja, nimeona. Imeandikwa waziwazi: mkazi wa Mwatate.

Haikuchukua hata muda wa kunywa soda. Mjomba Kombo angeniuliza tu Jumatatu jioni. Na mimi ningeenda kuitafuta bila kuulizwa. Wote wawili tuna kosa.

Jumatatu, Machi 10

Bi Zainabu amelegea nusu. Masahihisho yasomwe, lakini mchana saa nane, na nisome mimi. Mjomba Kombo amekataa katakata. Anasema miaka yote hii hajawahi kuomba radhi hewani na hataanza uzeeni.

Nikaandika. Rasimu ya kwanza nilikuwa na hasira, nikaandika kwamba mwizi wa pampu si Elija wa Werugha bali ni binamu yake wa Mwatate. Bi Zainabu akaisoma, akavua miwani. "Wakio. Umemtoa mmoja shimoni ukamsukumia mwenziwe. Hakimu kakwambia lini kuwa huyo wa Mwatate ni mwizi?"

Ukweli mtupu. Mtu ameshtakiwa, hajahukumiwa. Amekana. Nimekuwa nikiwahubiria wengine sheria hii, halafu nimeivunja nikijaribu kutengeneza kosa la mwingine. Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu.

Nikaandika upya. Wakili naye akaipitia akaikamua mpaka ikabaki maganda: "Tungependa kufafanua kwamba makao ya mshtakiwa yaliyotajwa katika taarifa yetu ya awali huenda hayakuwa sahihi." Huenda! Nimeisoma hivyo hivyo, sauti yangu ikiwa kama ya mtu anayesoma maagizo ya dawa ya panya.

Jioni amenipigia Elija wa Juu. Nani aliye na redio wazi Werugha saa nane mchana? Watu wako shambani, wako kwenye kabeji. Yeye mwenyewe kaambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu.

"Mmenitukana asubuhi," alisema, "mkaniomba radhi nikiwa sipo."



Jumamosi, Machi 22

Kimya kituoni. Mjomba Kombo na mimi tulikuwa tunakunywa chai ya chupa moja. Sasa kila mtu na yake. Nampenda mzee yule. Ndiye aliyenifundisha kupumua mbele ya maikrofoni. Lakini nimemkasirikia mpaka siwezi kusikia salamu zake bila kubana meno.

Kina mama wa Marungu wamepiga simu studio tena. Wanataka kujua kwa nini nasema "anadaiwa" na "anashtakiwa" kama ninayemwonea mwizi haya. Nimeeleza. Mmoja akaniambia nije nibebe mtungi siku moja ndipo nijue anayedaiwa ni nani. Akakata.

Na yeye hana kosa. Mradi ule walichimba kwa mikono yao.

Jumatano, Aprili 9

Habari kutoka Werugha, kutoka kwa shangazi yangu anayeuza mboga sokoni. Elija wa Juu ameuza ng'ombe mmoja. Yule mwenye maziwa mengi. Nafasi yake kwenye kikundi kapewa mwingine "kwa muda". Mkewe ameacha kwaya. Hakuna aliyemfukuza, ila akifika wenzake wanapunguza sauti.

Hakuna aliyemtukana mtu yule. Hapo ndipo uchungu wenyewe. Kwetu milimani mtu hatukanwi, anapewa nafasi. Nafasi kubwa, kila upande.

Nimemwambia Mjomba Kombo habari ya ng'ombe, makusudi, mbele ya watu. Akainuka akatoka nje. Nikafurahi kidogo. Kisha sikufurahi.

Alhamisi, Mei 1

Sikukuu. Kufua. Nimewaza kuacha kazi hii nirudi kufundisha. Nimewaza pia kuandikia baraza la malalamiko ya vyombo vya habari nikishtaki kituo changu mwenyewe. Elija ana haki ya kulalamika huko na nimemweleza njia. Anasema hataki barua, anataka sauti. "Mtu hasafishwi kwa karatasi, dada. Nilichafuliwa kwa mdomo."

Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumatatu, Mei 19

Niandike polepole, nisiache kitu.

Leo ndiyo siku kesi ya pampu ilianza kusikizwa. Nimefika mapema nikamkuta Elija wa Juu ameketi kwenye benchi la umma, safu ya pili. Suti ya kanisani, tai, buti zimesuguliwa. Nikamwuliza kimekuleta nini huku, kaka? Akasema watu wa milimani watakuwepo leo, kuna wenye kesi ya shamba. "Nataka wanione nimekaa upande huu."

Roho ikaniuma. Kutoka Werugha alfajiri, mtu aje aonekane ameketi.

Elija wa Chini akaingia na wakili wake. Wanafanana paji la uso na namna ya kuinamisha shingo. Hawakusalimiana kwa mdomo. Walitikisiana vichwa. Sijui kama wamegombana ama wote wawili wamechoka tu.

Karani akaita: "Elija Nyambu!"

Wakasimama wote wawili.

Elija wa Juu hakukusudia. Niliona. Alisimama kama mtu yeyote anavyoitika jina alilopewa na babake. Korti nzima ikaangua kicheko. Hata askari. Yeye akabaki wima, mikono imeshika benchi la mbele, hajui akae ama akimbie. Niliwachukia wote waliocheka, na nusu yangu ilikuwa inacheka.

Hakimu hakucheka. Alingoja kukawa kimya, akamuuliza yeye ni nani na kwa nini amesimama. Akajibu: anaitwa Elija Nyambu, mfugaji, wa Werugha. Mshtakiwa ni binamu yake, wameitwa jina la babu mmoja. Hajawahi kushtakiwa kwa lolote. Alitajwa redioni kimakosa na tangu hapo hana pa kupeleka maziwa.

Nilitazama sakafu.

Hakimu akamuuliza kiongozi wa mashtaka kama ndivyo. Akasema ndivyo, mashtaka hayamhusu kabisa mtu huyo. Wakili wa mshtakiwa naye akakubali. Basi hakimu akaagiza iingie kwenye kumbukumbu za korti kwamba Elija Nyambu wa Werugha aliyesimama benchini siye mshtakiwa katika kesi hii. Kisha akawageukia waliojaa nyuma, akawakumbusha kwamba hata huyo aliye kizimbani bado hana hatia mbele ya sheria. Mashahidi waitwe.

Kalamu yangu ilikuwa inakimbia yenyewe. Maana nimeelewa palepale. Imesemwa! Imesemwa ndani ya korti ya wazi, na hakimu, na imeandikwa. Si kukiri kwetu, si huruma yetu, si "huenda" ya wakili. Ni habari ya korti, ina kinga kama habari nyingine yoyote, na inasomwa asubuhi.

Neno lililotuacha uchi halikuwa limesemwa mle ndani. Sasa la kutuvika limesemwa mle mle.

Nimebaki hadi mashahidi wa leo wakamalizika, maana hata hiyo ni sheria: huwezi kuchukua kipande kinachokufaa ukaondoka. Mlinzi wa mradi alisema aliona pikapu usiku. Alipoulizwa na wakili wa utetezi rangi yake, hakuwa na hakika. Nimeandika yote mawili.

Bi Zainabu ameisoma habari yangu akiwa amesimama. Akasema, "Hii wakili hana pa kuikamua." Akatia sahihi.

Jumanne, Mei 20

Nilifika studio kabla ya Mjomba Kombo. Nikaweka karatasi mbele ya maikrofoni nikaketi kando yake kama askari jela. Nikamwambia nitakaa hapa mpaka mwisho.  Akaisoma kimya kwanza, midomo ikicheza. Akaisoma tena.

Saa ya habari ikafika. Akasoma kesi zote, kisha hii. Polepole kuliko kawaida. Jina, kicheko, maneno ya hakimu, mshtakiwa alivyokana, alichosema mlinzi, alichoshindwa kusema. Hakuongeza kituo wala mkato.

Akafika mwisho, na badala ya kuweka muziki akasogelea maikrofoni. Nikajua ndiyo hiyo, anaongeza. Nikashika mkono wa kiti.

"Neno Werugha lile la Machi," alisema, "halikuwa la korti. Lilikuwa langu mimi Kombo. Elija, mwanangu, nimekukosea."

Nyuma ya kioo Bi Zainabu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Lakini hakukata sauti, na kitufe alikuwa nacho.

Muziki ukaingia. Mzee akatoa leso akapenga kamasi. Akanisukumia chupa yake ya chai bila kuniangalia. Nikamimina.

Jumanne, Juni 10

Shangazi ameniambia kikundi kimempokea Elija wa Juu tena. Mwenyekiti alimfuata nyumbani, kwa heshima zote. Maziwa yake ni machache sasa, kwa vile ng'ombe aliyeuzwa hajarudi na hatarudi.

Sawa. Si haba.

Jumanne, Julai 22

Leo uamuzi wa kesi ya pampu. Leo pia mkubwa fulani alikuwa anazindua barabara Mwatate, na Bi Zainabu alitaka niende huko, maana magari ya serikali yanaleta matangazo. Nikakataa. Tuliripoti mtu alipopanda kizimbani, lazima turipoti anaposhuka, hata akishuka siku ambayo hakuna anayetaka kusikia. Kuripoti mwanzo na kuacha mwisho si kuripoti, ni kumfungia mtu nje ya nyumba. Tumebishana. Akampeleka mwingine kwa mkubwa. Ni mtu wa haki Bi Zainabu, ukimchosha vya kutosha.

Hakimu amesema Elija wa Chini hana kesi ya kujibu. Upande wa mashtaka haukuweza kuonyesha kwamba pikapu ile ilikuwa yake. Ameachiliwa. Alikaa kizimbani kidogo hata baada ya kuambiwa aende.

Elija wa Juu alikuwepo benchini, suti ileile. Mwenzake aliposhuka walitoka pamoja. Nje, chini ya kivuli cha ukuta, niliwaona wameshikana mikono kwa muda mrefu.

Kina mama wa Marungu walilia. Pampu haijulikani iko wapi hadi leo, na hilo nalo nimeliandika. Yule aliyenikatia simu nimemtambua kwa sauti. Nikamsalimia. Akaniuliza sasa maji yatatoka wapi? Nikamwambia sijui, mama, lakini nitakuja Marungu niulize mradi umefikia wapi. Akasema nije na mtungi.

Jumamosi, Agosti 2

Nimepanda Werugha. Ukungu, baridi mpaka mifupani, na mimi na blauzi yangu ya Voi kama mjinga. Nilitaka kumwona Elija wa Juu nyumbani kwake, si kama mwandishi. Sijui kama nani.

Sokoni nikamuuliza mwanamke wa kabeji nyumba ya Elija Nyambu ni ipi. Akainua kichwa.

"Elija yupi? Wa pampu?"

Nikamwambia wa maziwa. Ambaye hakuhusika. Ambaye hakimu mwenyewe alisema.

"Eh, nilisikia, Kombo alisema. Maskini." Akanielekeza kwa kisu, taratibu, bila ubaya wowote. "Ndiye huyo huyo. Elija wa pampu. Pita pale kwenye mtaro, upande juu."

Nikapanda. Njia ilikuwa nzuri na nilitamani kuketi chini nilie.

Elija alikuwa amekwenda kukata nepia, nyasi za ng'ombe. Mkewe akanipokea vizuri, akanipa shuka nijifunike, akapika chai ya maziwa mengi. Amerudi kwaya. Nilimuuliza kama bado wana kinyongo na sisi. Akasema hapana. Mumewe alimsamehe Kombo siku ileile, aliyekosea hewani akaomba radhi hewani. Na redio haijazimwa hata siku moja, wasiwasi wangu ni wa bure.

"Ila akikamua," alisema. Kisha akaniambia jambo ambalo naliandika kama alivyolisema. Kila asubuhi habari za korti zikianza, mumewe huacha kukamua. Hushika ndoo kwa magoti, mikono imetulia, na ng'ombe hugeuka kumtazama amekuwaje. Husikiliza mpaka jina la mwisho. Jina lake lisipotajwa, ndipo huendelea.

Elija akaja na mzigo wake, akacheka kuniona nimejifunika shuka. Tukaongea mvua. Akanipa maziwa ya kubeba. Sikumuuliza lolote.

Jumanne, Agosti 5

Jana kesi nne. Nimekwenda ofisi ya faili kabla ya kuandika. Majina, umri, kazi, makao, kama yalivyo kwenye hati. Nimesoma kila jina mara mbili.

Leo asubuhi Mjomba Kombo amesoma. Wizi wa kuku, ugomvi wa mpaka, leseni, leseni. Hakuongeza kitu. Nilisikiliza nikiwa jikoni, mkono umeshika sufuria, mpaka jina la mwisho.

Haya. Sasa anaweza kukamua.